Geuza Mfuko Uusome Nyuma

Mhadhara kwa wafugaji wa mbwa, Gisozi, Kigali

Tangu nilipoingia mlangoni nimeulizwa swali lile lile: daktari, tununue chakula cha kampuni gani? Sitataja kampuni, wala si kwa kumwogopa mtu. Mfuko uliotoka kiwandani ukiwa mzuri unaweza kufika Kigali umeharibika, na mfuko wa bei ya kawaida uliotunzwa vizuri unaweza kumlisha mbwa mpaka akazeeka. Jina lililoandikwa mbele haliwezi kukuambia lipi kati ya hayo limetokea. Leo nataka kuwaonyesha mambo ya kutazama, na kuwapinga kidogo wale wanaowaambia kwamba adui wa mbwa ni mahindi. Mahindi yana kesi ya kujibu, lakini si hiyo mnayoisikia.

Nianze na kilima hiki, maana mgeni angeshangaa kwamba tunazungumzia mbwa hapa. Gisozi ndipo walipozikwa zaidi ya watu 250,000 waliouawa katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na kituo cha kumbukumbu yao kilifunguliwa 2004. Mliokuwapo mnajua kwa nini mbwa walipigwa risasi baada ya miezi ile, na kwa nini wako watu ambao hadi leo hawawezi kukaa karibu na mbwa. Sitaisimulia habari hiyo. Naitaja kwa sababu iligusa hata mada yetu: kwa miaka mingi nyumba nyingi za mji huu hazikufuga mbwa kabisa. Wamerudi polepole, wakiwemo wa ulinzi, wa polisi, na hawa wanaonusa magari kwenye milango ya hoteli. Kwa hiyo mfugaji wa leo hakurithi kwa mzazi wake ujuzi wa kumlisha mbwa wa kilo 30 anayeshinda ndani ya ua. Anautegemea mfuko, na mara nyingi mfuko umeandikwa kwa Kiingereza, Kifaransa au Kijerumani, na aliyeuandika ana mali ya kuuza.

Chakula chenyewe si cha kale. Mmarekani James Spratt ndiye aliyeanza kuuza biskuti za mbwa mjini London mnamo miaka ya 1860, zikiwa za ngano, mboga na nyama. Charles Cruft, aliyeanza ujana wake kama mfanyakazi wa kampuni hiyo, ndiye aliyeanzisha mwaka 1891 maonyesho ya mbwa yanayoitwa kwa jina lake mpaka sasa. Yaani muuza chakula na mwonyesha mbwa wametoka nyumba moja tangu mwanzo, na matangazo hayajawahi kukaa mbali na sahani. Punje hizi tunazozijua, nyepesi na zenye vitundu ndani, zilikuja miaka ya 1950, na Purina wakaziingiza sokoni Marekani mwaka 1957. Unga wa nafaka na unga wa nyama huchanganywa na mvuke, husukumwa kwa nguvu kupitia matundu madogo, na ukitoka tu hufura, hukatwa, kisha hukaushwa. Mwisho kabisa hunyunyiziwa mafuta na vionjo kwa nje. Hayo mafuta ya nje ndiyo yanayonukia ukifungua mfuko, na ndiyo yanayowahi kuharibika. Tutayarudia.

Baadhi yenu mna karakana za useremala hapo Gakiriro. Mteja mjuzi akija kununua kiti hapapasi vanishi. Anakigeuza miguu juu atazame viungo. Basi mfuko nao ugeuzeni. Mbele pana picha ya mbwa mwenye manyoya yanayong'aa na paja la kuku lililookwa, pamoja na maneno kama "daraja la juu" ambayo hayana kipimo chochote kisheria. Kule Ulaya, chakula kilichoandikwa "chenye kuku" kinatakiwa kiwe na kuku asilimia 4 tu. Marekani ni asilimia 3. Kikiandikwa "ladha ya kuku", hakuna hata kima cha chini. Inatosha ladha hiyo iweze kutambulika.

Nyuma ndiko kwenye orodha ya vilivyomo, na orodha hiyo hupangwa kwa uzito, kizito zaidi kikitangulia. Hapa pana ujanja unaoruhusiwa na sheria. Uzito unaohesabiwa ni wa kabla ya kupika. Kuku mbichi ana maji kama asilimia 70, hivyo kilo 100 za kuku huyo, zikikaushwa mpaka kufikia ukavu wa punje, hubaki kilo 33 hivi. Aliyekuwa wa kwanza kwenye orodha huenda ni wa tatu ndani ya mfuko. Unga wa nyama, ambao tayari umekaushwa, huandikwa chini zaidi na watu huudharau, ingawa kilo kwa kilo una protini nyingi kuliko hiyo nyama mbichi iliyotangulizwa. Ujanja wa pili ni kuyagawa mahindi: mahindi mazima mstari mmoja, pumba za mahindi mwingine, gluteni ya mahindi mwingine tena. Kila moja ni dogo kuliko kuku. Yajumlishe, uone nani mwenye mfuko.

Watu wengi pia hukunja uso wakisoma "mazao ya nyama", yaani maini, figo, mapafu, utumbo. Mimi hainisumbui. Mbwa hajui kwamba sisi tunapendelea mnofu, na ini lina vitamini ambazo mnofu hauna. Cha kuuliza ni kama mnyama ametajwa. "Mazao ya kuku" ni jambo moja. "Mazao ya wanyama" bila jina maana yake kiwanda kimejiachia nafasi ya kununua chochote kilicho rahisi wiki hiyo.

Sasa asilimia za protini, ambazo nyote mnazikimbilia. Viwango vya Marekani vinataka mbwa mzima apate angalau asilimia 18 na mtoto wa mbwa asilimia 22.5, hesabu ikifanywa kana kwamba chakula hakina maji kabisa. Punje kavu huwa na maji kama asilimia 10, kwa hiyo tofauti ni ndogo. Kwenye kopo lenye maji asilimia 78 hesabu inabadilika kabisa, na ndiyo maana kopo lenye protini asilimia 8 linaweza kuushinda mfuko wenye 26. Gawanya 8 kwa 22 uone.

Lakini hiyo namba inapatikanaje? Mwaka 1883 Johan Kjeldahl, mkemia wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg mjini Copenhagen, alibuni njia ya kupima naitrojeni kwenye nafaka. Protini ina naitrojeni kama asilimia 16, hivyo ukipata naitrojeni unazidisha kwa 6.25 na kuita jibu protini. Njia hiyo bado inatumika. Haiulizi naitrojeni imetoka wapi. Manyoya yana naitrojeni. Ngozi ya kiatu inayo. Mwaka 2007 ilibainika kwamba wauzaji fulani wa China walikuwa wakitia melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ndani ya gluteni ya ngano, kwa sababu theluthi mbili ya uzito wa melamini ni naitrojeni. Kwenye karatasi protini ilipanda. Ndani ya mbwa na paka, melamini ilikutana na kemikali mwenzake, asidi ya sianuri, zikafanya fuwele zilizoziba figo. Kampuni ya Menu Foods ya Kanada ilirudisha makopo na pakiti zaidi ya milioni 60, zenye majina mengi tofauti, ya bei ghali na ya bei rahisi, yote yametoka jiko moja. Hilo la majina mengi ndilo lililowaumiza wanunuzi kuliko yote: waliolipa zaidi waligundua walikuwa wakilipia karatasi ya nje. Afrika Kusini nako mbwa walikufa mwaka huo huo, na huko sumu ilikuwa kwenye chakula kikavu.

Mstari ambao hausomwi na mtu ni wa majivu. Maana yake ni kile kinachobaki chakula kikichomwa chote: madini, na hasa unga wa mifupa. Punje nyingi nzuri huwa na majivu kati ya asilimia 6 na 9. Yakipita 10, uliza. Kwa vyakula vinavyochanganywa hapa kwetu, mstari huu una kazi ya ziada. Protini yetu ya wanyama mara nyingi ni dagaa, na dagaa wengi wa Ziwa Viktoria huanikwa chini, mchangani, ufukweni. Gunia linakuja na ziwa na ufuko wake. Mchanga hauungui, kwa hiyo unaingia kwenye majivu, na unalipwa kwa bei ya dagaa. Mchanganyaji anayenunua dagaa walioanikwa kwenye chanja au wavu atakuambia mwenyewe, maana amelipa zaidi na anataka ujue.

Nimefika kwenye mahindi. Kwa muda sasa imeenea mitandaoni habari kwamba mbwa ni mbwamwitu wa nyumbani, na nafaka ni sumu kwake. Mwaka 2013 Erik Axelsson wa Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi, na wenzake walichapisha matokeo yao juu ya jeni inayotengeneza kimeng'enya cha kusaga wanga. Mbwamwitu ana nakala 2. Mbwa walikutwa na nakala 4 hadi 30. Huyu ni mnyama aliyekaa na wakulima muda mrefu hata tumbo lake likajifunza kula wanachokula. Nafaka iliyopikwa vizuri anaimeng'enya bila shida. Halafu Julai 2018 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitangaza kwamba inachunguza ugonjwa wa moyo kutanuka kwa mbwa, ambao wengi wao walikuwa wakila vyakula visivyo na nafaka, vilivyojazwa njegere na dengu badala yake. Uchunguzi huo haukuthibitisha chanzo, na mwishoni mwa 2022 mamlaka hiyo ikasema haitatoa taarifa nyingine mpaka kuwe na jambo jipya la kisayansi. Mimi sisemi dengu zinaua. Nasema aliyelipa mara mbili ili aepuke mahindi hakununua usalama wowote unaojulikana.

Kesi ya mahindi yenyewe ni sumukuvu. Kuvu wa jamii ya Aspergillus huota kwenye mahindi na karanga zilizovunwa zikiwa na unyevu au kuhifadhiwa vibaya, na huacha sumu inayoharibu ini. Eneo letu linaijua. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, Makueni, Kitui na jirani zao, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa mahindi ya nyumbani. Mwaka 2016 ilikuwa zamu ya Dodoma na Manyara, Tanzania, ambako watu 20 walifariki. Kinachosahaulika ni kwamba mbwa walikuwa wametangulia: mwaka 1977 na 1978, Nairobi, Mombasa na Eldoret, mbwa na kuku walikufa kwa wingi kwa chakula kilichochafuliwa na sumu hiyo hiyo, na madaktari wa mifugo wa Kenya wakaandika habari zake. Ni karibu miaka 30 kabla ya msiba wa Makueni. Wamarekani nao, pamoja na maabara zao zote, walizika mbwa zaidi ya 100 kwa chakula kikavu chenye sumukuvu mwaka 2005, na wengine zaidi ya 100 kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2021.

Kwa nini mbwa? Ini lake halihimili sumu hii. Pia wewe leo unakula ugali, kesho wali, keshokutwa ndizi; ukikutana na sumu unakutana nayo kidogo. Mbwa wako anakula mfuko ule ule asubuhi na jioni, mwezi mzima. Na moto wa kiwandani hauimalizi sumu hii. Hupunguza sehemu tu. Wala huwezi kuinusa. Kuvu anaweza kufa kwa joto na sumu yake ikabaki ndani ya punje safi inayopendeza macho. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa mtengenezaji yeyote, awe wa Kigali, Nairobi au Ufaransa, si "mnatia mahindi?" bali "mnapima sumukuvu kwenye kila lori la mahindi kabla ya kulishusha?" Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ya kuliwa na watu ni mikrogramu 10 kwa kilo. Marekani huruhusu hadi 20 kwenye chakula cha mbwa. Mtengenezaji anayepima atakutajia namba yake bila kuhema. Anayekujibu kwamba mahindi yake ni mazuri kwa macho, mshukuru uende zako.

Tuyarudie yale mafuta ya nje. Mfuko wa ng'ambo husafiri kwa meli, hukaa kwenye joto la Mombasa au Dar es Salaam, kisha hupanda lori kilomita 1,500 na zaidi kuja kwetu. Ukifika dukani, mara nyingi hufunguliwa na kuuzwa kwa kupimwa. Sina ugomvi na mwenye duka. Si kila mteja ana fedha ya kilo 15. Ila tangu nchi hii ipige marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, kilo yako inatiwa kwenye mfuko wa karatasi, na karatasi hunyonya mafuta na kuruhusu unyevu. Mvua za masika, Itumba, zikianza Machi, gunia lililofunguliwa na kuegemezwa ukutani, juu ya sakafu ya saruji, hupata unyevu chini huku juu likiwa kavu. Tia mkono mpaka chini. Punje zilizoshikana ziache. Nusa: mafuta mazuri hunukia chakula, mafuta yaliyoharibika hunukia rangi ya mlango. Ukiwa mnunuzi wa kilo moja moja, nenda siku gunia linapofunguliwa, na umwombe mwenye duka akuonyeshe tarehe iliyochapishwa kwenye gunia. Nyumbani weka chakula ndani ya mfuko wake wa asili, na mfuko ndani ya ndoo yenye mfuniko, juu ya ubao. Msimimine mpya juu ya masalio ya zamani.

Bei. Bei ya kilo inadanganya, kwa sababu mbwa hali kilo, anakula nguvu. Ikiwa mfuko hauonyeshi kilokalori, fanya hivi: toa protini, mafuta, unyevu, nyuzi na majivu kutoka 100, upate wanga, ambao sheria nyingi hazilazimishi uandikwe. Zidisha protini na wanga kwa 3.5, mafuta kwa 8.5. Tuseme mfuko wa kwanza una protini 24, mafuta 10, unyevu 10, nyuzi 4, majivu 8. Wanga ni 44, na nguvu ni kilokalori 323 kwa gramu 100. Wa pili una protini 28, mafuta 18, unyevu 9, nyuzi 3, majivu 7. Wanga 35, nguvu kama 373. Mbwa wa kilo 20 anayetembea kiasi anahitaji kama 1,000 kwa siku: gramu 310 za wa kwanza, au 268 za wa pili. Kama wa kwanza ni faranga 2,600 kwa kilo na wa pili 2,900, basi wa "rahisi" unakugharimu karibu 805 kwa siku, na wa "ghali" karibu 775. Juu ya hilo, mwenye kuzoa kinyesi asubuhi ataiona tofauti kabla yako.

Wenye watoto wa mbwa wakubwa, wale wa Kijerumani mnaowapenda kwa ulinzi, tafuteni maneno yanayosema chakula ni kamili kwa ukuaji. Kikiandikwa "cha nyongeza", hakitoshi peke yake. Watoto wa mbwa hawa hawawezi kuzuia kalsiamu isipite tumboni, kwa hiyo kuwaongezea unga wa mifupa juu ya chakula kamili huwapinda miguu, sawasawa na kuwanyima. Viwango vya Marekani haviruhusu kalsiamu izidi asilimia 1.8 kwa watoto wa mbwa wa aina kubwa. Na kule mtakapoona imeandikwa kwamba chakula kimejaribiwa kwa kulisha mbwa, mjue ukubwa wa jaribio la mbwa wazima kule Marekani: mbwa 8 kwa wiki 26, na inatosha 6 wamalize. Ni kidogo. Ni zaidi ya hesabu za kompyuta peke yake.

Mwisho wa mfuko mtafute mtu wa kuwajibika: jina la mtengenezaji, si la msambazaji tu, anwani, tarehe, na namba ya toleo. Mifuko ya Afrika Kusini ina namba inayoanza na V, kwa Sheria Namba 36 ya 1947; usipoiona, jiulize mfuko umepitia wapi. Hapa Rwanda chakula cha mifugo kinakaguliwa na RICA, mamlaka ya ukaguzi na ulinzi wa walaji, na malalamiko yenu yapelekwe huko, si kwenye vikundi vya simu pekee.

Kateni kipande chenye namba ya toleo mkihifadhi mpaka mfuko uishe, pamoja na kiganja cha punje ndani ya kopo lililofungwa. Mbwa aliyekuwa akila vizuri akikataa mfuko mpya, msimbembeleze kwa kummwagia supu. Kukataa ni miongoni mwa dalili za mapema za sumukuvu, kabla ya kutapika na kabla ya fizi kugeuka manjano, na mara nyingi mwenye mbwa ndiye anayemlazimisha ale kwa upendo. Simamisheni chakula hicho siku hiyo hiyo. Mkija kwa daktari njooni na mbwa, kopo na kile kipande. Na kama mlinunua kwa kupimwa, piteni kwanza dukani mnakili namba iliyo kwenye gunia, kabla gunia halijaisha na kutupwa.